Upepo wa Breki ya Nyuma

Bibi alikuwa akisema, na hata aliyeziba masikio alisikia, kwamba katika miaka yake sabini na mmoja hajawahi kushindwa na kitu chenye skrubu. Saa ya ukutani aliitengeneza yeye. Pasi, yeye. Feni na redio, yeye. Halafu, kwa kuwa hakupenda kupoteza uongo mahali usipohitajika, aliongeza mwenyewe kwamba saa inakwenda vizuri sana, ila inarudi nyuma. Pasi inapata moto mpaka kwenye mpini. Feni iliruka siku moja ikaenda kutua juu ya kabati. Na redio ilipona kabisa, ikaimba siku mbili, ndipo ikafa.

"Lakini cherehani," alimalizia, "muulizeni mtu yeyote."

Hapo ni kweli, hakuwa na mpinzani. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa na miaka arobaini na tatu, na haikuwahi kuguswa na mkono mwingine. Nusu ya suruali za mtaa ule zilikuwa zimepita chini ya sindano yake.

Ijumaa moja, saa tatu na robo asubuhi, mtu huyu asiyeshindwa na skrubu alikuwa amekaa ndani ya ua wa miti wa jirani, majani yamemjaa kwenye kitambaa cha kichwa, na baiskeli ya mjukuu wake imemlalia mapajani kama mtoto aliyeshiba.

Hakuumia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kuona kama kuna aliyemwona. Palikuwa na kuku mmoja tu. Bibi alimkazia macho mpaka kuku akatazama pembeni.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mlimani, ya matairi mapana yenye vinundu, mali ya mjukuu wake wa kike aliyeishi na bibi na babu. Binti huyo alifanya kazi maabara, kwenye zahanati. Kutwa alikuwa ameinamia hadubini akitafuta vijidudu kwenye vinyesi vya watu, na mtu wa kazi hiyo akirudi nyumbani hakuna kinachomponyoka. Alijua nani amekula sukari usiku kwa kutazama kijiko. Kila Jumamosi yeye na wenzake walipanda kilima na baiskeli zao, kisha wakashuka kwa njia ya mawe huku wakipiga kelele za furaha. Siku nyingine zote baiskeli ilikaa kwenye baraza ya nyuma, safi, ikimtazama bibi.

Mwaka uliopita bibi aliiazima bila kumwambia mwenyewe. Kwenye mteremko alikamata breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea na safari. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, wiki sita akawa amefungwa plasta ngumu. Ndipo mjukuu alipomkalisha kitako.

"Mke mwenza," alisema. Ndivyo walivyoitana, kwa kuwa wote wawili walidai mume wao ni mmoja, naye ni babu. "Mke mwenza, sikiliza vizuri. Nikikukuta umepanda tena, baiskeli hii inahama nyumba hii. Italala maabara na vichupa vyangu, na ufunguo nitakaa nao mimi. Apa."

Bibi aliapa. Aliinua mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye plasta, na tangu siku hiyo alikuwa amejishawishi kwamba kiapo cha kushoto hakishiki sana.

Usimlaumu haraka. Magoti yake yalikuwa yakilalamika kwa ngazi tatu tu za mlangoni. Kwenda dukani yalilalamika, kurudi yalilalamika, hata kitandani yalikuwa na la kusema. Lakini juu ya baiskeli yalinyamaza. Kila Jumanne na kila Ijumaa, mjukuu akishaondoka kwa miguu kwenda kazini, bibi alishusha kiti, akapandisha gauni mpaka magotini na kulifunga kwa utepe wa kitambaa, akateremka kijia cha nyuma ya nyumba hatua mia mbili tu, hadi kwenye ukuta wa shule. Upepo masikioni, magoti kimya. Kisha alirudi akiisukuma, akawa mtu mzima tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakienda kufungiwa maabara na vichupa.

Sasa Ijumaa hii alikamata breki ya nyuma kama kawaida, yeye na ile ya mbele wakiwa bado wamenuniana tangu mwaka jana, na mkono wa breki ukaenda wote mpaka kwenye mpini bila ubishi, laini kama kuminya ndizi iliyoiva. Baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Ukuta wa shule ukaanza kukua. Bibi akachagua ua.

*

"Umeivunja," alisema babu alipomwona akiingiza baiskeli barazani.

"Sijaivunja. Imechoka."

Babu alikuwa amestaafu ukarani wa stoo. Miaka thelathini na minne alikaa mlangoni na daftari, na ukimwambia leta mbili, haleti tatu. Ukimwambia simama hapo, utamkuta hapo kesho. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na kasoro moja kubwa ambayo bibi aliihangaikia tangu harusi yao: hakujua kusema uongo. Akijaribu, masikio yalimwiva.

"Mwambie tu ukweli," alisema.

"Nikimwambia ukweli baiskeli inahama. Nisipomwambia, kesho anashuka nayo kilimani, na breki haishiki." Bibi alikaa kwenye ngazi, akachomoa jani kichwani. "La kwanza linaniuma. La pili haliwezekani. Anarudi saa kumi. Lete simu."

Alimpigia fundi baiskeli, kijana mwenye kibanda pembeni mwa soko, akaweka sauti ya juu ili babu naye asikie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali la mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Ana baiskeli kama ya mjukuu wangu, breki zake hazina waya. Ya nyuma ukiikamata inakukubalia kila kitu, inakwenda mpaka mwisho, na kazi haifanyi."

Fundi aliuliza, "Huyo mtu aliwahi kuipindua baiskeli, miguu juu?"

Bibi alikumbuka Jumanne. Aliipindua, naam, akaifuta matope mpaka ikang'aa, akaiacha hivyohivyo wakati akinywa chai. "Huenda aliipindua," alisema.

"Basi imeingia upepo. Haina ugonjwa mwingine. Itolewe upepo tu, ni kazi ya saa moja. Alete."

"Haiwezi kuja. Itaonekana njiani."

"Na nani?"

"Mwanangu, wewe nipe vifaa. Huyo mtu atafanya mwenyewe."

Suruali zote za fundi zilikuwa zimepita kwenye cherehani ya bibi, na mbili kati ya hizo zilikuwa na siri ya mahali zilipochanikia. Hakukataa.

"Umesikia?" bibi alimwambia babu huku akitafuta viatu. "Inatolewa upepo. Mimi nakwenda kuchukua vifaa. Wewe anza anza."

"Kutoa upepo," alisema babu, kama anayeandika.

"Ndiyo. Kutoa upepo."

*

Kibandani fundi alikuwa amezungukwa na baiskeli tisa na wenye baiskeli watatu. Alimvuta bibi pembeni na kumwekea mkononi, kimoja kimoja, kikombe kidogo cha plastiki chenye kizibo, bomba la sindano lililofungwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, spana namba saba, kipande cha plastiki cha manjano, na chupa ya mafuta mekundu kama juisi.

"Breki hizi zinaendeshwa na mafuta," alisema. "Mafuta hayakubali kubanwa. Ukiyasukuma huku juu, yanasukuma kule chini, gurudumu linakamatwa. Lakini upepo ukiingia ndani, ukiubana unajikunja. Unakuitikia ndiyo, ndiyo, na hakuna unachofanya."

"Nina mkwe wa namna hiyo," alisema bibi. "Endelea."

"Mafuta ni haya tu. Si ya kupikia."

"Mimi mtoto?"

"Si ya gari. Yanakula mipira ya ndani. Na si ya cherehani, bibi."

Bibi, ambaye tangu atoke nyumbani alikuwa akiifikiria chupa yake ya mafuta ya cherehani, aliangalia baiskeli za wateja.

"Juu, kwenye mkono wa breki, kuna skrubu. Unaitoa, unafunga kikombe, unatia mafuta kidogo. Chini, pale breki inapobana sahani ya gurudumu, kuna..." Fundi alikohoa. "Kuna kidude. Kinaitwa, samahani bibi, kinaitwa..."

"Kinaitwa nini?"

"Sisi mafundi tunakiita..." Akatazama chini. "Chuchu."

"Mwanangu, nimenyonyesha watano. Chuchu inafanywaje?"

Wenye baiskeli watatu waligeuka. Fundi akaiva shingo nzima, akamaliza kwa kasi kama anayekimbizwa: unavisha mpira wa sindano kwenye hiyo hiyo, unailegeza robo mzunguko kwa spana, mmoja chini anasukuma mafuta polepole, yanapanda, na upepo unatokea juu kwenye kikombe kama viputo. Gurudumu litolewe kwanza, na pedi zitolewe, na kile kipande cha manjano kikae mahali pake ili breki isijifunge. Pedi zisiguswe na mafuta, hata tone.

Hilo la mwisho bibi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliyewahi kudondosha tone moja la mafuta kwenye gauni jeupe la bi harusi, saa mbili kabla ya harusi, hafundishwi na mtu.

*

Aliporudi alimkuta babu amekaa barazani kwenye kigoda, mikono magotini, uso umetulia. Mbele yake alikuwa ametandika gazeti, na juu ya gazeti vimekaa vifuniko viwili vidogo vyeusi, kimoja pembeni mwa kingine.

"Tayari," alisema.

"Tayari nini?"

"Upepo. Nimeutoa wote. Wa nyuma, na wa mbele pia, nikaona tusije tukarudia kazi."

Bibi alitazama baiskeli. Matairi yote mawili yalikuwa yamelala sakafuni kama soksi zilizovuliwa.

Halafu akakaa chini palepale na kucheka mpaka machozi yakamtoka, akamwegemea babu begani, na babu, ambaye hakujua kichekesho kiko wapi, akacheka naye kwa heshima.

"Baba watoto," alisema alipopata pumzi, "ni upepo wa breki. Breki!"

"Hukusema breki. Ulisema kutoa upepo."

"Nilisema kutoa upepo."

"Basi umetolewa."

Kubishana na mtu mwenye haki ni kupoteza muda, na saa ya ukutani, hata kwa kurudi nyuma, ilikuwa inawakimbia. Waliifunga baiskeli kwenye nguzo ya baraza. Walitoa gurudumu la nyuma. Bibi akachomoa pedi, akazifunga kwenye kitambaa safi na kuziweka juu ya dirisha, mbali na mikono ya mtu yeyote, yeye akiwa wa kwanza. Akachomeka kipande cha manjano. Akapima mkono wa breki uwe sawa kwa bakuli la maji, maana hakuwa na kipimo kingine, akafungua skrubu ya juu iliyokuwa ndogo kama punje ya mchele, akafunga kikombe. Vidole vyake vilivyozoea kutunga uzi kwenye sindano havikutetemeka hata kimoja. Akavuta mafuta mekundu kwenye bomba la sindano, akalisimamisha, akaligonga kwa ukucha, kiputo kikapanda, akakitoa.

"Wewe kaa chini na sindano. Nikisema sukuma, sukuma."

"Sawa."

Alilegeza chuchu robo mzunguko. "Sukuma."

Babu alisukuma. Mafuta yakapanda kwenye mpira, na baada ya muda, juu kwenye kikombe, kikatokea kiputo kimoja kikubwa, blup, kama mtu aliyesema neno kanisani. Bibi akapiga kofi. Kikaja cha pili, kikaja kikundi cha vidogovidogo kama povu la sabuni. Bibi alikuwa bado anavihesabu mafuta yalipojaa kikombe, yakafika ukingoni, yakafurika, yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Acha! Acha! Nani kakwambia uendelee?"

"Nani aliniambia niache?"

Walipangusa. Walifunga chini, wakafungua, wakasukuma tena, safari hii kwa amri mbili, sukuma na acha, kama watu wenye akili. Viputo vilipungua. Bibi akafunga chuchu, akakamata breki kwa matumaini.

Laini vilevile. Ilikwenda mpaka kwenye mpini, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Ilikuwa saa nane. Bibi alikaa chini akaitazama ile baiskeli. Aliiona kesho yake, mjukuu kwenye njia ya mawe, mkono umekamata na gurudumu halisikii. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuona mzaha.

"Tumwite fundi," alisema babu kwa upole. "Hata akijua, ajue."

"Ngoja." Bibi alikuwa anautazama mpira wa breki, ule unaobeba mafuta, ulivyopita kwenye fremu. Ulipanda, ukapinda, ukashuka kidogo karibu na usukani, ndipo ukapanda tena. Kwenye cherehani yake, mafuta yakigoma kufika mahali, kulikuwa na kona iliyoyazuia. Upepo hupenda kupanda. Ukikutana na mpindo unaoshuka, hukaa pale juu ukajistarehesha kama mgeni aliyepata kiti.

Walifungua kamba, wakageuza usukani, wakainua sehemu ya mbele na kuikalisha juu ya kigoda mpaka mpira wote ukawa unapanda tu, bila kushuka popote. Bibi akachukua mkasi wake, akashika makali, akaanza kuugonga mpira kwa mpini, tik, tik, tik, kutoka chini kwenda juu, huku mkono mwingine ukikamata na kuachia breki polepole.

"Sukuma. Kidogo. Acha."

Kikatokea. Kiputo kimoja kinene, cha uvivu, kikapanda kwenye kikombe, kikakaa juu kidogo kama kinaaga, kikapasuka.

Akafunga. Akakamata breki.

Mkono ulisogea kidogo tu, ukasimama. Jiwe. Bibi akaminya zaidi. Jiwe. Akamwita babu aminye, babu akaminya kwa vidole vyake virefu, akasema, "Imekataa."

"Imekataa!" Bibi alirukaruka, magoti na yote. "Mafuta hayo! Hayakubali kubanwa!"

Waliziba, wakapangusa kila kitu kwa spiriti, wakarudisha pedi na gurudumu. Bibi alilizungusha likavuma, akakamata, likasimama papo hapo. Akarudia mara sita bila sababu yoyote. Kisha babu akajaza matairi kwa pampu ya mkono, akihema, na bibi akampungia hewa kwa gazeti.

Ikabaki kufuta nyayo. Kiti alikirudisha juu kwa futi kamba, nusu sentimita isipungue. Majani aliyatoa kichwani yote, akayahesabu kama mashahidi. Alifungua ule utepe wa magotini, gauni likashuka mpaka miguuni. Akanawa uso, mikono, viwiko, na kucha alizisugua kwa brashi. Ndipo alipomgeukia babu, ambaye alikuwa na alama ya mafuta mekundu katikati ya paji la uso.

"Jitazame! Nyani haoni kundule."

"Na wewe je?"

"Mimi?" Bibi alijizungusha mbele yake kama anayejaribu nguo mpya. "Mimi msafi kama kaniki ya jana."

"Kaniki ni nyeusi."

"Nawa uso, mzee. Halafu sikiliza. Akiuliza, hatujui chochote."

"Mimi siwezi kudanganya."

"Nani kakwambia udanganye? Nyamaza tu."

"Akinibana?"

"Usiwe upepo," alisema bibi. "Uwe mafuta."

*

Saa kumi na dakika tano mjukuu aliingia kwa mlango wa nyuma, mkoba begani, viatu mkononi. Alimkuta babu amekaa na gazeti, lililokuwa na duara mbili nyeusi za vifuniko, na bibi ameinamia cherehani chumba cha pili, mlango wazi, anakanyaga kwa bidii kubwa. Sindano yake haikuwa na uzi.

"Shikamoo mume wangu. Shikamoo mke mwenza."

"Marahaba," walijibu pamoja, haraka kidogo kuliko ilivyotakiwa.

"Sikai. Naipeleka baiskeli kwa fundi kabla hajafunga. Breki ya nyuma ina upepo tangu Jumanne."

Cherehani ikasimama.

Tangu Jumanne! Bibi alihesabu kichwani: binti alikuwa anajua siku zote hizo. Mafuta yote yale kiwikoni, viputo vyote vile, kuficha kitu ambacho mwenyewe alikuwa nacho mfukoni! Lakini alikaza midomo, akaanza kukanyaga tena.

Mjukuu aliishika baiskeli, na kwa mazoea akakamata breki. Akasimama. Akakamata tena. Akaweka mkoba chini.

"Hee! Nani amegusa breki yangu?"

Cherehani ilikwenda mbio.

"Babu?"

Babu aligeuza ukurasa wa gazeti. Masikio yalianza kubadilika rangi.

"Babu. Nimeuliza. Nani ametoa upepo?"

Hapo uso wa babu ukakunjuka wote. Ameulizwa swali ambalo alikuwa na jibu lake, jibu la haki, lisilo na doa.

"Upepo nilitoa mimi," alisema.

"Wewe?"

"Wote. Kwa mikono yangu."

"Babu!" Mjukuu alimkumbatia gazeti na yote. "Kumbe mume wangu fundi! Unajua watu wanasomea hii kazi? Sikia ilivyo ngumu! Hata fundi wa mjini hajawahi kunipa breki kama hii!"

Bibi alikanyaga. Alijiambia: uwe mafuta.

"Kesho nitawaonyesha wenzangu kilimani. Nitawaambia, babu yangu huyo!"

Bibi alikanyaga. Mafuta, mafuta.

"Na ule upepo wa kwenye mpindo wa mpira? Ndio unaomshinda kila mtu. Uliutoaje, babu?"

"Nilibonyeza tu," alisema babu kwa unyenyekevu, "ukatoka. Fssss."

"Una kipaji, babu. Kipaji kabisa."

Cherehani ilisimama kwa kishindo. Bibi alitokea mlangoni, futi kamba shingoni, macho yanawaka.

"Huyo? Kipaji? Huyo alitoa upepo wa matairi! Yote mawili! Nilimkuta amevipanga vifuniko kwenye gazeti kama anauza! Nani alitoa kiputo cha kwenye mpindo? Nani aliinua usukani juu ya kigoda, akagonga mpira kwa mkasi? Fssss! Breki ya mafuta inasema fssss?"

Babu alishusha gazeti, akaonekana amepumzika sana.

"Wewe, mke mwenza?" Mjukuu alitabasamu taratibu. "Na ulijuaje kwamba haishiki?"

"Nilikuwa nafuta vumbi," alisema bibi bila kupepesa, maana jibu hilo alikuwa amelitayarisha tangu saa sita. "Nikaibonyeza hivi, kwa bahati, nikaona laini. Nikasema, mjukuu wangu kesho anakwenda kilimani, sitakaa kimya. Basi."

Lilikuwa jibu zuri. Mjukuu alilipima, asilione kosa. "Hukupanda?"

"Kwa magoti haya?"

"Haya, bibi. Asante. Kweli asante." Na alikuwa anamaanisha, sauti yake ililainika. "Nionyeshe basi ulivyofanya. Mimi hata hiyo chuchu yenyewe sijawahi kuifungua."

Mtu mwenye busara angesema siku nyingine. Lakini bibi alikuwa amekaa na sifa zake robo saa nzima akizitazama zikivaliwa na mwingine. Alilivuta gauni juu ya magoti, akachuchumaa pembeni ya gurudumu la nyuma na kuwapa mgongo, akanyoosha kidole.

"Hii hapa. Robo mzunguko tu, usizidishe. Spana namba saba. Unavisha mpira hivi, unamwambia aliye na sindano sukuma, na ukiwa umeolewa na karani usisahau kumwambia acha..."

Alieleza yote, mpaka bakuli la maji. Ilimchukua muda kuona kwamba nyuma yake hakuna anayeitikia.

"Mke mwenza," alisema mjukuu, kwa ile sauti ya mtu aliyeinamia hadubini. "Usisogee. Shavu la mguu wa kulia. Kwa nyuma."

Bibi aligeuza shingo kadiri ilivyokubali. Hakuona. Babu, kwa upande wake, aliona vizuri: mstari wa vialama vyeusi vya grisi, kimoja baada ya kingine, umepinda kama mwezi mchanga, meno saba ya gia ya mbele yaliyopigwa chapa safi kwenye ngozi, pale yanapowapiga wote wanaopanda baiskeli ile na kusimama ghafla.

"Hiyo?" alisema bibi, na gauni likashuka kama pazia. "Hiyo ni cherehani."

"Cherehani."

"Cherehani ina meno, hujui? Muulize mshonaji yeyote. Yako pale chini, yanasukuma kitambaa."

"Yako juu ya meza, bibi. Yalifikaje nyuma ya mguu?"

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri juu ya kiputo.

"Nilikuwa naitengeneza," alisema, "nimeipindua miguu juu."

Mjukuu alimgeukia babu. "Mume wangu, wewe hudanganyi. Cherehani inang'ata?"

Babu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Masikio yake yalikuwa mekundu kama mafuta ya breki.

"Mimi," alisema, "nilitoa upepo tu."